Mvua Ikikatika, Mto Bado Umejaa

Katika Afrika Mashariki, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mvua ikikatika, watu hurudi kwenye shughuli zao: kuchota maji, kufua, kuvua samaki, kuvuka kwenda sokoni. Lakini maji hayapungui siku mvua inapokatika. Katika mito mirefu kama Tana na Rufiji, mvua iliyonyesha nyanda za juu huchukua siku kadhaa kufika bondeni. Ziwa huchelewa zaidi: Ziwa Victoria lilianza kujaa kwa mvua za mwishoni mwa 2019, likafikia kilele Mei 2020 na kuingia katika nyumba, mashamba na mialo.

Makorongo na mito ya msimu hudanganya kuliko mito mingine. Mchanga unaweza kuwa mkavu na jua likawaka, huku mafuriko yakishuka kutoka kilima cha mbali. Dalili zake ni muungurumo kutoka upande wa juu, maji kugeuka tope ghafla, na majani na matawi kuanza kuelea. Anayeziona apande ukingoni papo hapo, aache mchanga anaouchota, mifugo au mzigo.

Nguvu ya maji haipimwi kwa macho. Mita 1 ya ujazo ina uzito wa tani 1, na kasi ya maji ikiongezeka mara 2, msukumo wake huongezeka mara 4. Maji ya sentimita 15 yaendayo kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelesha gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Tope nalo huficha daraja lililobomoka au barabara iliyochimbika. Desemba 2021, basi lililokuwa likipeleka watu harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya. Lilipinduka na kuzama, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Ukingo nao si wa kuaminiwa. Maji hula udongo kwa chini, huku juu nyasi zikiwa zimesimama kama kawaida. Ufa mwembamba unaofuata mkondo wa mto ni ishara kwamba kipande hicho kinakaribia kuporomoka. Watoto wasitumwe kuchota maji mahali kama hapo.

Ziwani, maji yaliyopanda hufunika uzio, visiki na mashimo ya vyoo, kwa hiyo ufuo uliozoeleka huwa mgeni. Magogo yanayoelea huweza kupasua mtumbwi. Viboko na mamba husogea pamoja na maji, kama ilivyotokea Ziwa Baringo lilipofurika na kufika karibu na makazi. Kiboko hutoka majini usiku kulisha, na ni hatari sana kusimama kati yake na maji. Wavuvi wavae jaketi okozi tangu nchi kavu, wala wasitoke radi zinapopiga au upepo unapovuma kwa nguvu.

Vyoo vikifurika, kinyesi huingia mtoni na visimani. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa njia hiyo, na kichocho huingia kupitia ngozi ya anayeoga au kutembea ndani ya maji yenye vimelea. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Mtu akichukuliwa na maji, anayetaka kumwokoa asijitose. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kizibo barabara na kufungwa kamba, hutosha kumshikilia juu ya maji akivutwa. Aliyechukuliwa alale chali, miguu ikitangulia kuelekea maji yanakokwenda, na asijaribu kusimama penye mkondo mkali, maana mguu unaweza kunaswa kati ya mawe. Asogee kimshazari kuelekea ukingoni.

Dereva anayefika kwenye daraja lililofunikwa na maji azime gari na kusubiri, hata abiria wakimhimiza. Abiria nao wana haki ya kushuka. Kusubiri kutawagharimu saa chache, pengine siku moja, na wote watafika.