Eropleni Inapomponyoka Rubani

Mashamba ya mpunga na mtama ya Kilosa, hadi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yana adui mwenye uzito wa gramu 20 tu: kweleakwelea. Kila mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kwa hiyo kundi la milioni moja humaliza tani 10. Nchini Tanzania makundi hayo hunyunyiziwa dawa kwa eropleni, jioni yanapotua kulala. Kazi hiyo hufanyika karibu na ardhi, na rubani akipoteza udhibiti hana kimo cha kujiokoa.

Hatari kubwa imo katika kugeuka. Eropleni ikilala upande kwa nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hulazimika kubeba uzito maradufu. Kasi ya chini inayohitajika huongezeka kwa kipeuo cha pili cha mzigo huo: iliyohitaji kilomita 100 kwa saa sasa huhitaji 141. Ikipungukiwa, hewa huachana na mgongo wa bawa, nguvu ya kuinua hupotea ghafla, na bawa moja huanguka kabla ya jingine. Kilosa iko mita 500 hivi juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 35, hewa huwa nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko hewa ya kipimo ya pwani. Injini hudhoofika, na tangi lililojaa dawa huzidisha mzigo.

Baada ya ajali, wapo watakaosema injini ilizimika, na wapo watakaomlaumu rubani. Mchunguzi huuliza mabaki. Mapanga ya rafadha yaliyopinda na kujisokota huonyesha kwamba injini ilikuwa ikivuta. Mabaki yaliyorundikana mahali pamoja, pasipo mfereo mrefu ardhini, huashiria kuanguka karibu wima. Mlango wa kumwagia dawa kwa dharura huchunguzwa pia: je, rubani alijaribu kupunguza uzito? Dawa yenyewe ni sumu, hivyo wachunguzi huvaa glavu na barakoa. Aghalabu eropleni hizi hazina kinasa kumbukumbu. Ushahidi wa mkulima aliyetazama una thamani kubwa.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka 1951, chaeleza kwamba uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Rubani akielezwa mzembe tu, wa kesho atageuka vilevile. Ikifahamika kwamba alibeba mzigo mno na kugeuka kwa ghafla mno, mwenzake anaweza kuokoka.

Zoezi: mzigo wa mabawa ni 1 kugawanywa kwa kosaini ya pembe ya mlalo. Tafuta kasi inayohitajika katika nyuzi 30, 45 na 75, kisha chora mchoro wake. Mstari utakavyopanda baada ya nyuzi 60 utaonyesha kwa nini rubani mwenye busara hugeuka kwa upana.