Che alitutukana? Tusome mbele ya kuhukumu

Vijana wetu wa mine wanapenda kuvaa mupira wenye sura ya Che Guevara. Sasa kuko wenye wanatuambia ku sendika: muvue hiyo, ule muzungu alidharau weusi. Maneno hayo hayakutoka hewani. Mwaka 1952, akiwa Caracas, kijana wa miaka 24, Che aliandika mu daftari lake la safari kwamba weusi ni wavivu, feza yao inaishia mu pombe. Aliandika kweli. Hapo hatumtetei.

Lakini sisi madelege, mtumishi akishitakiwa, tunauliza: alisema nini, lini, na nyuma yake akafanya nini? Desemba 1959, akiwa sasa mkubwa kule Kuba, aliambia université ya Las Villas iwafungulie weusi na watumishi mlango. Tarehe 11 Desemba 1964, ku ONU, alilaani kifo cha Lumumba. Aprili 1965 akavuka ziwa letu, toka Kigoma mpaka Kibamba, upande wa Fizi, jina lake Tatu. Wakuba walipita 100, wengi wao weusi. Tarehe 29 Juni wenzake walishambulia Bendera, kule umeme wetu wa Kalemie unatoka. Wakuba 4 walikufa pale.

Kesi yenye inatugusa zaidi ni ile ya kitabu chake juu ya Kongo. Mule anasema wapiganaji wa huku ni wabaya, wanakimbia, wanakataa kubeba mizigo. Ni zarau ile ile ya 1952? Sisi tunasema hapana. Mule mule anagombeza wakubwa wenye walikuwa wanakaa mbali na vita, anagombeza Wakuba wake, na yeye mwenyewe hajisamehe.

Ila juu ya mizigo, alikosea. Kwetu mzigo uko na historia: tangu wakati wa Léopold wazee walikamatwa kwa nguvu kubeba vitu vya wazungu, na wengi waliachwa njiani wamekufa. Na wale wa 1965 walikuwa na njaa, bila mshahara. Mtu kama huyo akitupa mzigo chini, delege haandiki "mvivu". Anauliza kwanza alikula nini.

Basi mwenye mupira wake abaki nao. Ukurasa wa 1952 tutausoma ku mkutano, na ule wa mizigo pia.