Amri Isiyo na Karatasi

Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu, wala hakuna aliyedai kwamba alikuwepo. Mwaka uliotangulia, mikoani Shinyanga na Mwanza, polisi na maofisa wa usalama walikuwa wameendesha msako mkali wa kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Watuhumiwa waliteswa mahabusu, na baadhi yao walikufa humo humo. Waziri mwingine, Peter Siyovelwa, naye aliondoka, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadhi ya maofisa walipelekwa mahakamani.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa uungwana wa Mzee Mwinyi, aliyekwenda Misri kuwa balozi na mwaka 1985 akawa Rais. Uungwana ulikuwepo. Lakini kwa sisi tunaofundisha utawala wa umma, somo kubwa liko chini zaidi, kwenye safari ya amri kutoka ofisini hadi mahabusu. Amri ya aina hii huondoka juu ikiwa safi kabisa: komesheni mauaji. Nani atapinga? Kila ngazi inapoipokea huiongezea haraka na hofu kidogo, kwa sababu mkubwa anataka matokeo na hakusema yapatikane vipi. Inapomfikia askari aliye na mtuhumiwa mbele yake, ni amri nyingine kabisa, na hakuna mahali ilipoandikwa.

Ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, umeishi na amri za namna hii kwa muda mrefu, na chanzo chake kimo ndani ya sheria yenyewe. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na madini yaliyo chini yake yako chini ya dola. Mkulima anaweza kurithi shamba la babu yake, akalima pamba vizazi vitatu, lakini siku mwamba wenye dhahabu unapogunduliwa chini ya shamba hilo, anayeamua nani achimbe yuko Dodoma au Dar es Salaam. Uamuzi huo ndio mtaji wa mwanasiasa wa huku. Kwingine mbunge huahidi barabara. Huku huahidi eneo la kuchimba.

Bulyanhulu, wilayani Kahama, ilionyesha mtaji huo ukitumika vibaya. Wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa pale tangu dhahabu ilipogunduliwa miaka ya 1970, wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakiajiri wachimbaji, mama lishe wakiuza ubwabwa. Viongozi walijua, na walifika kuomba kura. Kisha leseni ikaenda kwa Kahama Mining, iliyomilikiwa na kampuni ya Kanada ya Sutton Resources. Mwishoni mwa Julai 1996 Waziri wa Nishati na Madini, William Shija, aliwaamuru wachimbaji waondoke. Wachimbaji walikwenda Mahakama Kuu Tabora na kupata zuio. Hata hivyo, Agosti hiyo maduara yalifukiwa.

Mabishano yaliyofuata yalihusu zaidi madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko iliyo chini ya Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa madai hayo. Wanasheria wa LEAT, shirika la watetezi wa mazingira, akiwemo Tundu Lissu, walizidi kudai uchunguzi huru na wakaishia kushtakiwa kwa uchochezi. Siwezi kulimaliza suala hilo katika safu hii. Linaloniudhi ni kwamba ubishi juu ya vifo ulilifunika jambo ambalo halihitaji kufukua shimo lolote ili kulithibitisha: tamko la waziri lilipambana na karatasi ya jaji, na tamko likashinda.

Miaka 11 baadaye hali iligeuka, ikawa karatasi ipo ila haionekani. Februari 2007 Waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, katika hoteli moja mjini London. Mbunge Zitto Kabwe alipodai bungeni Agosti hiyo kwamba Bunge lichunguze, alisimamishwa yeye. Kelele za wananchi ndizo zilizomsukuma Rais Kikwete kuunda kamati ya Jaji Mark Bomani, na mapendekezo yake yakachangia sheria mpya ya madini ya mwaka 2010. Mikataba ya migodi mikubwa ya wakati ule ilikuwa siri, na ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho madiwani wa Geita walikilalamikia kwa miaka: badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, mgodi uliilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande isipande. Diwani aliyechaguliwa na watu wa kata yake hakushirikishwa kusaini, lakini yeye ndiye aliyeulizwa kwa nini zahanati haina dawa.

Halafu akaja Rais Magufuli, mtoto wa Chato, na mambo yakawa matamu. Mwaka 2016 aliagiza wananchi wa Geita wapewe magwangala, yaani mawe ambayo mgodi huyatupa kwa kuwa dhahabu iliyomo hailipi gharama ya kuyasaga. Machi 2017 alizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Mei, kamati ya Profesa Mruma iliyoyachunguza ilisoma ripoti yake hadharani, na siku hiyo hiyo Waziri Muhongo akapoteza kazi. Miswada mitatu ikapelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupita mapema Julai. Dola ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6.

Mafanikio hayo ni halisi, na anayeyabeza anaweza kujaribu kuwaeleza watu wa Nyarugusu, mkoani Geita, kwa nini hisa sifuri ilikuwa bora. Lakini angalia chombo kilichotumika. Umati ulioshangilia amri ya magwangala ulikuwa na wazee waliokumbuka amri ya Bulyanhulu. Ni chombo kile kile: kauli ya mkubwa, haraka, na wataalamu wa kutafuta baadaye namna ya kuitekeleza. Safari hii kilielekezwa kwa kampuni. Mapato nayo yakaonyesha tofauti kati ya tarakimu ya jukwaani na ya mezani. Acacia, kampuni tanzu ya Barrick ya Kanada, ilitakiwa kulipa kodi, riba na faini za takriban dola bilioni 190. Mazungumzo na Barrick yalipokamilika, kiasi kilichokubaliwa kilikuwa dola milioni 300, pamoja na Twiga, kampuni ya ubia kati yake na Serikali. Makubaliano ya mezani huenda yalikuwa mazuri. Ila tarakimu ya kwanza ilishafanya kazi yake ya kisiasa.

Tangu 2017 pia, sheria inautaka kila mgodi uandae mpango wa mwaka wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Hapa ndipo ningewaelekeza wasomaji wa Geita na Msalala watazame kwa makini kuliko kwenye hotuba yoyote. Madarasa na vituo vya afya vinajengwa kwa fedha hizo, halafu jiwe la msingi linabeba jina la mheshimiwa, na mwananchi anaambiwa ashukuru. Anashukuru kwa haki yake. Anayeuliza bei ya saruji kwenye mpango huo huonekana mkorofi.

Na mkorofi anaweza kuwekwa ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuagiza mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, endapo kuna hatari ya kuvunjika kwa amani isiyozuilika kwa njia nyingine. Watu wengi wanakijua kipande hicho tu. Sheria hiyo hiyo inamtaka kiongozi aandike sababu na mtu huyo apelekwe kwa hakimu, la sivyo aachiwe, na inasema kwamba kuitumia vibaya ni kosa la jinai. Ndugu wanaokwenda kituoni wana haki ya kuuliza maandishi hayo yako wapi. Wakiambiwa kwamba mheshimiwa alipiga simu tu, basi na waandike hilo, pamoja na saa na jina la askari aliyewajibu, kwa sababu mahakama itataka kuanzia mahali fulani.