Mkienda kwa kinga, mhesabiane

Ndugu mfanyakazi, kazini unajua sheria: mtu haingii shimoni bila kuandikwa, na mwisho wa zamu anatafutwa mpaka aonekane. Lakini siku ya mapumziko, ukipanda kinga na wenzako wanane kwenda mashambani, sheria hiyo unaiacha nyumbani pamoja na viatu vya kazi. Kila mmoja anakanyaga kwa nguvu zake, na jioni ndipo mnaulizana: fulani yuko wapi?

Tuseme mnatoka Kasha, huku Bagira, kwa safari ya siku nyingi upande wa Goma, na leo mnataka kulala Kalehe. Ni karibu kilomita 60, na vijana watasema ni kidogo. Si kidogo. Mnaanzia kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kutoka hapo ni kupanda na kushuka: Mudaka, Miti, Kavumu, Katana. Kabla ya yote waulizeni watu waliopita jana. Tangu vita ilipofika Kavumu na Bukavu Februari 2025, habari ya njia ni chombo cha usalama kama freni. Wakisema msiende, rudisheni kinga ndani.

Saa 12 asubuhi, kabla ya kuondoka, kila mmoja akague kinga ya mwenzake, siyo yake. Yake ataihurumia. Kamata freni ya mbele na kusukuma: gurudumu la nyuma liinuke kidogo. Kamata ya nyuma: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Kama mpira wa freni umeisha mpaka chuma kinagusa rimu, mwenye kinga hiyo haendi, hata akiwa ndiye aliyenunua mkate wa safari.

Mlimani huwaogopi sana, maana kilima kinakuchosha tu. Ogopa mteremko. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, unapita mita 5 na nusu kila sekunde. Kwa 40 unapita mita 11, na nafasi unayohitaji ili freni zikusimamishe haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Rimu ikiwa na maji ya mvua, ni mbaya zaidi. Na pale chini kwenye kona kuna mama amebeba gunia la makala, kuna mbuzi, kuna motokari iliyokufa katikati ya barabara. Kwa hiyo punguza mbio kabla ya kona, siyo ndani yake, na freni zote mbili kwa pamoja. Acha mita 30 kati yako na wa mbele. Mtu anaweza kuanguka kwa sababu ya mwenzake aliye mbele, siyo kwa sababu ya shimo tu.

Sasa juu ya kundi. Aliye dhaifu awekwe mbele, yeye ndiye atoe mwendo. Mwenye nguvu kuliko wote akae nyuma kabisa na pompi, viraka na bendeji. Vijana hawapendi jambo hili, najua. Lakini kila mkifika juu ya kilima, simameni, hesabuni. Tisa? Endeleeni. Nane? Hakuna anayekanyaga.

Na anayetaka kuacha asichekwe. Septemba 2025, ng'ambo ya mpaka huko Kigali, wanaume wenye kazi ya kuendesha baiskeli walishindania ubingwa wa dunia, kilomita 267 na nusu za vilima. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu. Hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kunywa kabla ya kiu. Katika lita moja ya maji yaliyochemshwa tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Bia ingojee jioni. Mwenzako aliyekuwa anatania akinyamaza, akitetemeka juani au kinga yake ikianza kuyumba, mkalishe kivulini. Aliyeanguka na kupiga kichwa, kisha akatapika au kusinzia, hapandi tena hata akikuambia ni mzima. Mpelekeni kwa munganga. Katana ipo hospitali ya FOMULAC. Na kofia ya mgodi usiitegemee: ilifanywa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu, siyo kwa kichwa kinachopiga barabara kwa ubavu.

Jua letu linazama karibu saa 12 jioni, mwaka mzima. Saa 11 muwe mmeshuka kwenye kinga, mkiwa Kalehe au mkiwa bado Katana. Hesabuni tena. Halafu, kabla ya kuoga, gusa mipira ya freni zako: kesho asubuhi kuna mteremko mwingine.