Askari wa Milimita Tano

Katika skeli ya 1/350, mwanamume wa futi tano na inchi tisa anakuwa na urefu wa milimita tano. Punje ya mchele yaweza kumzidi. Nyambizi ya Kijapani I-27, iliyokuwa na mita 108.7, inashuka hadi sentimita 31, na meli ya abiria SS Khedive Ismail inakuwa sentimita 37 hivi. Vyote hivyo vinaenea kwenye meza moja ya seremala.

Tarehe 12 Februari 1944, alasiri, Khedive Ismail ilikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, ndani ya msafara wa KR-8 uliotoka Mombasa kwenda Colombo. I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa muda mfupi mno. Kati ya watu 1,511 waliokuwemo, 1,297 walikufa. Askari 996 kati ya waliopanda walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Vilima vya Kilungu huko Ukambani, Nunguni ikiwemo, haviioni bahari hata siku ya jua kali, lakini vijana wa Ukambani walikuwa miongoni mwa walioandikishwa jeshini kwa wingi zaidi nchini Kenya.

Sasa mpe fundi wa Nunguni kazi ya kuiunda upya alasiri hiyo. Hataanza na maji, ataanza na mti. Uchongaji wa biashara wa Ukambani nao una mkono wa vita: Mutisya wa Munge wa Wamunyu aliupata ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao kwao. Muhugu na mpingo vimeadimika kwa kukatwa ovyo, basi gogo litakuwa la jakaranda. Ngomo, yaani tezo, itatoa umbo, kisu kitafuata, msasa utamalizia. Taabu inaanzia hapo. Anayechonga tembo ana uhuru wake. Sikio likizidi kidogo, bado ni tembo. Nyambizi haina msamaha huo. Upana wake wote ni milimita 27, na milimita moja ikizidi ubavuni ni sawa na sentimita 35 kwenye chombo chenyewe.

Wapo wanaokwepa gogo kwa kununua seti ya plastiki ndani ya boksi. Hao nao hawalali. Ubavuni mwa nyambizi kuna safu za matundu ya kupitishia maji inapozama na kuibuka. Kiwandani mara nyingi huachwa kama vishimo tu, na fundi mwenye wivu na kazi yake huyatoboa yote kwa keekee ya kuzungusha kwa vidole, tundu baada ya tundu, akipuliza unga. Waya za redio huzifanya mwenyewe: hukata kipande cha fremu ya plastiki iliyoshika vipuri, akakipasha juu ya mshumaa mpaka kilegee, kisha akakivuta kwa mikono miwili hadi kiwe uzi mwembamba kuliko unywele. Mzinga wa sitaha, wa sentimita 14, unakuwa na mtutu wa milimita 16. Sindano ya hospitali iliyokatwa ncha inautosha. Rangi ni nyeusi, ila usipake nyeusi tupu, atakwambia. Kitu kidogo kikiwa cheusi kabisa hufifiza kila mstari, kwa hiyo huchanganya kijivu kidogo, halafu huteremsha kutu kwa brashi karibu kavu, kuanzia kwenye matundu yale yale.

Kabla ya hayo yote atauliza mwaka. I-27 ya Mei 1942 ilibeba nyambizi ndogo mgongoni hadi karibu na Sydney, Australia. Ya 1944 haikuwa na mzigo huo. Anayeunganisha vipuri bila kuuliza mwaka ataipeleka Maldivi nyambizi ya Sydney.

Bahari ni rezini angavu iliyotiwa rangi ya buluu. Humiminwa tabaka jembamba kwa jembamba, kwa sababu ikimwagwa yote kwa pamoja huchemka yenyewe inapoganda na kupasuka. Viputo hutolewa kwa kupitisha moto haraka juu yake. Watu wa kuelea huwekwa tabaka la juu lingali linanata.

Watu hao hawamo ndani ya boksi la nyambizi. Itabidi wachongwe, wa milimita tano kila mmoja, na idadi yao inamtisha hata mtu aliyezoea kuchonga kwa oda. Majina ya wengi wa rejimenti yako kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi.

Halafu linakuja swali ambalo msasa hauliondoi: dakika ipi? Baada ya meli kuzama, manowari HMS Petard na HMS Paladin ziliisaka I-27 na kutupa mabomu ya kulipukia chini ya maji huku manusura wakiwa bado wanaogelea hapo hapo. Nyambizi ikaibuka. Paladin ilikwenda kuigonga, ikaishia kuchanwa ubavu, na ni topido ya saba ya Petard iliyoimaliza.

Fundi akichagua dakika ya kuibuka, matundu yake, waya zake na kutu yake yote vitaonekana, na kila mtazamaji ataitazama nyambizi. Akichagua dakika ya mabomu, nyambizi itakuwa kivuli ndani ya rezini, kazi yake nzuri kuliko zote imefichwa, na juu yake watabaki waogeleaji na Petard inayowajia. Mwandishi wa makala haya angependa dakika hiyo ya pili. Lakini je, familia ya Kilungu iliyopoteza mtu pale ingependa kuiona? Na sura za wale askari zielekee wapi: kwa manowari, au kwa maji?