Sikukuu ya kwanza bila baba, na mchele wa watu saba

Kama umefiwa mwaka huu na sikukuu inabisha hodi, stori hii ni yako. Najua ulipo. Umeshaandika ile meseji ya nyumbani, ya kusema kazi ni nyingi na nauli imepanda, ila hujaituma bado.

Yangu niliiandika Aprili 2023 nikiwa hosteli, Nairobi. Baba tulikuwa tumemzika Isiolo mwezi Februari. Ramadhani ilikuwa inaelekea ukingoni, na nilijua kabisa kinachoendelea mtaani kwetu Chechelesi: kuta zinapakwa rangi, mazulia yameanikwa uani, watoto wanajaribu viatu vipya na kuvirudisha kwenye boksi. Sikutaka kuona hata kimoja. Nilijiambia Idd itapita kama Jumamosi nyingine, nitalala, nitaamka, basi.

Aliyenizuia kubonyeza "tuma" hakuwa shehe wala mshauri nasaha. Ni mwenzangu wa chumbani, msichana wa Mbale, Uganda, ambaye ni Myahudi.

Usicheke. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza, maana Myahudi niliyemjua ni yule wa taarifa ya habari. Kumbe hapo jirani tu, kwenye vilima vya Mbale, kuna Waganda wanaoitwa Abayudaya. Mwaka 1919, Semei Kakungulu, chifu na jemadari aliyewahi kuwasaidia Waingereza kisha akakosana nao, alishika Torati, akatahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Miaka ya 1970 Idi Amin akaipiga marufuku dini yao. Wengi wakasilimu au wakawa Wakristo, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Amin alipoanguka walikuwa wamebaki watu kama 300 hivi. Na hebu sikia hii: Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi iliyoingia, sikukuu ya kukumbuka kutolewa utumwani Misri.

Mwaka ule wa 2023 Pasaka yao iliangukia ndani ya Ramadhani yetu. Yeye akaenda kwao Mbale, mimi nikabaki na futari za hosteli, ambazo tusizizungumzie. Aliporudi, Idd ikiwa imebaki siku chache, alinikuta na simu mkononi. Akasoma ile meseji bila kuomba ruhusa.

"Hata mimi nilitaka kufanya hivi," akasema.

Mamake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Na Pasaka, alinieleza, ni sikukuu ya jikoni kuliko zote. Kila kitu chenye chachu lazima kitoke nyumbani: mkate, maandazi, hata makombo. Unavuta meza, unakung'uta mifuko ya makoti, unasugua sufuria. Usiku wa kuamkia mkesha mnazunguka na mshumaa mkitafuta makombo yaliyojificha kwenye pembe. Mkate wa siku hizo, matza, haufai kupita dakika 18 tangu unga uguswe na maji hadi uive. Kazi yote hiyo kwao ilikuwa ya mama. Mwaka huo ikawa yake. Anafungua kabati, anakutana na mwandiko wa mama kwenye mkebe wa chumvi. Anavuta jiko, anaokota kifungo cha gauni lake.

"Nililia mpaka nikachelewesha chakula," akasema. "Lakini mbona hujaniuliza kama ningefanya tena? Ningefanya."

Kisha akaniambia jambo lililoniudhi. Wayahudi huzika haraka, kama sisi. Wakishazika, wafiwa hukaa matanga siku saba, wanakaa chini, majirani wanaleta chakula. Sasa, sikukuu kubwa ikiingia katikati ya siku hizo saba, matanga yanaishia hapo. Umemzika baba Jumatatu, Pasaka imeingia Jumatano jioni, unaoga, unakaa mezani na wenzako.

Nikamwambia huo ni ukatili. Nani amekupa ruhusa ya kunikata kilio?

"Subiri," akasema. Sikukuu inayofunga matanga ndiyo hiyohiyo inayomrudisha marehemu. Mara nne kwa mwaka, ikiwemo siku ya mwisho ya Pasaka, huswaliwa sala iitwayo Yizkor, yaani "na amkumbuke". Kila mmoja humtaja wake kwa jina. Nyumbani huwashwa mshumaa wa kuwaka saa 24, na huwashwa kabla ya jua kuzama, kwa sababu siku yao, kama yetu, huanza magharibi. Katika masinagogi mengi, ambao wazazi wao wote wawili wako hai hutoka nje sala hiyo ikianza. Tangu utotoni alikuwa akitoka na wenzake kwenda kucheza. Mwaka huo wenzake walisimama wakatoka, yeye akabaki amekaa. Hilo, alisema, ndilo lililomuuma kuliko kaburi.

Na ndani ya sala yenyewe unaahidi kutoa sadaka kwa ajili ya marehemu. Neno lao ni tzedakah. Tulitazamana. Sadaka ni sadaka, bana, hata Mbale.

Basi nikaifuta meseji. Nilipanda gari Eastleigh alfajiri. Ukishapita Nanyuki na baridi ya Timau unaanza kuteremka, madirisha yanafunguliwa, joto linakupokea, unajua umefika kwenu. Mvua zilikuwa zimeanza kurudi baada ya ule ukame mrefu uliomaliza mifugo ya watu, na kando ya barabara kulikuwa na majani mabichi ambayo baba hakuwahi kuyaona. Hayo ndiyo mawazo ya mfiwa, yanaingia bila hodi. Hata mji wenyewe hausaidii, maana Isiolo ina wadi nzima, Wabera, iliyopewa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa mwaka 1963. Unapita kwa marehemu ukienda sokoni.

Nilimkuta mama kwenye eda. Kwa asiyejua: mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajipaki hina wala manukato, hatoki bila haja. Na eda haivunjwi na Idd. Angalia tofauti hapo, kwa Wayahudi sikukuu inafunga matanga, kwetu mjane anaipokea sikukuu akiwa bado ndani ya eda. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, nyirinyiri ya ngamia imeshakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, pilau imepangwa, na katikati ya yote hayo mama amekaa na dera lake lisilo na ua.

Jirani alipokuja na hina kuwapaka wadogo zangu nilikataa mkono. Nilijiona ninamheshimu baba.

"Toa mkono," mama akasema. "Eda ni yangu, si yako."

Na ni sheria kweli. Asiyekuwa mjane, maombolezo yake ni siku tatu tu. Huzuni haina kipimo, hakuna atakayekuhukumu kwa machozi, ila kujinyima mapambo na sikukuu, siku tatu basi. Mwenzangu wa Mbale kwa mzazi hukaa mwaka mzima bila kwenda kwenye ngoma na sherehe, lakini sikukuu haikosi. Nilitoa mkono. Jirani alichora maua hadi kwenye kiwiko na hakuuliza kitu.

Jioni ya mkesha ikaja zakatul-fitr. Unaijua: kila aliye hai nyumbani, mkubwa kwa mdogo, hutolewa pishi ya chakula kabla ya swala ya Idd, ili maskini naye ale siku hiyo. Kwetu hupimwa mchele, kilo tatu kwa kila kichwa ili isije ikapungua. Kazi hiyo miaka yote ilikuwa ya baba. Alikuwa akipima kwa sauti akitutaja, kila mtu na fungu lake, na mdogo wetu wa mwisho kila mwaka alilalamika kwamba lake limeonewa.

Safari hii kaka ndiye aliyekaa na gunia. Alipima, akafunga, akapanga ukutani, hasemi neno. Nikahesabu kwa macho. Mama, kaka, mimi, wadogo watatu. Sita. Ukutani yalikuwepo mafungu saba.

Hakuna aliyeongea. Kaka alipoona macho yetu akahesabu na yeye, kisha akashika fungu la mwisho, akaanza kulifungua alirudishe guniani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na huyu ni mtu ambaye siku ya maziko alisimama wima akipokea wageni kama askari.

"Liache," mama akasema. Marehemu hadaiwi zaka, akatueleza, hilo fungu si fitri. Ni sadaka ya baba yenu. Na mpeleke leo, msingoje kesho.

Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyelibeba, kichwani, hadi kwa bibi mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu ambaye mbuzi wake wote waliisha kwenye ukame. Nilimfuata kwa nyuma. Bibi akauliza ni ya nani, maana yake ni zaka ya nyumba gani. Mtoto akajibu, "Ya baba." Yule bibi akaliweka chini, akainua mikono, akamtaja baba kwa jina lake kamili, na jina la babu, na la babake babu, akiomba dua. Tangu Februari sote nyumbani tulikuwa tukisema "marehemu". Sikuwa nimelisikia jina lile likitamkwa kwa sauti wiki nyingi.

Asubuhi kaka na wadogo walienda kuswali, kisha wakapitia makaburini. Mama alibaki ndani. Mimi nilibaki naye, tukapika pilau, nikaweka chumvi mara mbili kwa sababu ya kumsikiliza. Alinihadithia Idd yao ya kwanza wakiwa wameoana. Hiyo stori sikuwahi kuisikia, na siiandiki hapa, ni yetu.

Usiku nilimtumia mwenzangu wa Mbale picha ya mkono wenye hina. Akanijibu, "Umekaa ndani?" Nikamwambia nimekaa.

Mwaka uliofuata eda ilikuwa imekwisha na mama alipaka hina yake mwenyewe. Kaka alipima tena mafungu saba. Safari hii aliyataja kwa sauti, moja moja, na mdogo wetu akasema lake limeonewa.