Tundu Lililonyamaza

Ndugu mfanyakazi, umejaza matundu 12 katika mwamba. Umewasha tambi, umejificha mahali salama, unahesabu milio. Umesikia 11. Je, utafanya nini?

Wengi hujibu: “Labda miwili imelia pamoja.” Inawezekana. Lakini mpaka mwamba ukaguliwe, ujue kwamba tundu moja bado liko hai.

Kwa nini baruti hukataa? Huku kwetu Kalemie, adui wa kwanza ni maji. Hewa ya ziwa ina unyevu, na mvua za Oktoba mpaka Aprili hujaza matundu ya machimbo yaliyo wazi, kama yale ya chokaa kule Kabimba. Baruti nyingi za siku hizi zina nitrati ya amonia, nayo hunywa maji kama chumvi ya jikoni. Ncha ya utambi nayo ikilowa, moto hufa kabla ya kuifikia fataki. Makosa mengine ni ya mikono yetu wenyewe: utambi uliokunjwa au kukanyagwa, utambi usiogusa ndani ya fataki, waya za umeme zilizofungwa ovyo.

Pengine tundu hulia, lakini kwa sauti hafifu. Usifurahi. Mara nyingi udongo wa kuzibia ulikuwa kidogo, na nguvu yote ikatokea mdomoni badala ya kupasua jiwe. Katika mashimo ya makaa ya mawe, kama yale yaliyochimbwa zamani bonde la Lukuga, ulimi wa moto wa namna hiyo huweza kuwasha gesi na vumbi la makaa. Katika jiwe la kawaida, hatari hubaki chini: kitako cha tundu kinaweza kuwa na baruti nzima ndani. Usitoboe humo hata kidogo, ingawa tundu la zamani hurahisisha kazi. Chuma cha kutobolea kikiigusa baruti hiyo, hutapata nafasi ya kujuta.

Utambi wa kawaida huungua mita moja kwa dakika 2 hivi. Lakini ulioharibika huweza kufukuta polepole, halafu ukawaka tena. Ndiyo sababu kanuni za migodi za Marekani zinakataza kurudi kabla ya dakika 30 ikiwa utambi umetumika. Kaa kivulini, vuta sigara yako mbali na sanduku la baruti, ngoja.

Baada ya hapo, usivute utambi wala waya, usichokonoe udongo. Weka alama, zuia njia, mwite kapita na mlipuaji mwenye ruhusa. Kazi hiyo ni yake.

Kama zamu yako imekwisha, usiende nyumbani kimya. Anayekupokea hakusikia hesabu yako. Mwonyeshe tundu lenyewe kwa kidole, tena liandikwe kitabuni. Ikiwa amechelewa, msubiri.